Mtoto anapohama kitanda, asione amefukuzwa



Kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, kinataja sherehe ambayo wahubiri wengi huipita haraka. Siku Isaka alipoachishwa kunyonya, Abrahamu alifanya karamu kubwa. Hakungoja mtoto aoe wala apate mali. Aliwaita watu wale na kufurahi kwa sababu mtoto mdogo ametoka kifuani mwa mama yake na kuanza hatua nyingine. Sisi tunafanya sherehe za Ubatizo, Komunyo ya Kwanza, kipaimara, mahafali na send-off. Lakini siku mtoto anapotoka kwa mama yake kwa mara ya kwanza, hakuna anayepiga hata kigelegele. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayepiga kelele, tena za kilio.

Katika nyumba zetu, kuacha ziwa huenda pamoja na kuhama kitanda. Familia chache zina kile kitanda kidogo cha mtoto chenye fito pembeni, na huko mtoto huhamishwa anapoanza kuzipanda fito na kutaka kuruka. Wengi wetu hatuna kitanda hicho. Mtoto hulala na mama tangu siku ya kwanza, ndani ya chandarua kimoja, na huhama siku mama anapokuwa na mimba nyingine, au kinapopatikana chumba, au baba anapochoka kulala kwenye kochi sebuleni. Njia ni mbalimbali, ila swali ni moja: anahama kwa namna gani?

Najua kuna mtakaouliza: Padre anajua nini kuhusu kitanda cha mtoto? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba padre husikiliza. Katika jumuiya ndogo ndogo, katika semina za wanandoa, na nje ya kanisa baada ya Misa, jambo hili hujitokeza kuliko mnavyodhani. Na nikisikiliza, nasikia kambi mbili.

Kambi ya kwanza inasema mtoto kulala peke yake ni mambo ya Wazungu. Mwafrika hulala na mwanawe. Kambi ya pili inasema mtoto anayelala na wazazi amelelewa kizamani, na kwamba maendeleo ni kila mtoto na chumba chake. Kwa maoni yangu, kambi zote mbili zinabishana juu ya samani. Katika Injili ya Luka, sura ya 11, Bwana wetu anasimulia habari za mtu aliyegongewa mlango usiku wa manane, akajibu kwamba mlango umefungwa na watoto wake wako naye kitandani. Yesu hakumkemea kwa kulala na wanawe. Alizijua nyumba za namna hiyo, nyumba za watu wa kawaida. Basi tusione aibu kwa kitanda cha pamoja, wala tusijivunie kitanda cha pekee. Imani yetu inatuuliza zaidi jinsi tunavyomtendea mtoto siku ya kuhama.

Hapo ndipo penye jeraha. Mtoto wa miaka 2 analala usiku na mama yake. Asubuhi mama anakwenda kujifungua, anarudi na kichanga, na usiku huo huo mkubwa anaambiwa: "Wewe sasa ni mkubwa, nenda kalale na dada." Jana alikuwa mtoto, leo ni mkubwa, na hakuna aliyemwandaa. Kwa macho yake, yule mdogo amemnyang'anya ziwa, kitanda na mama kwa siku moja. Kisha akimfinya kichanga tunasema ana wivu na tunamchapa. Akianza tena kukojoa kitandani tunamwita kikojozi mbele ya wageni.

Lipo neno ambalo mama wengi wamelisikia kliniki: kwashiakoo. Asili yake ni lugha ya Waga wa Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyeliingiza katika vitabu vya tiba miaka ya 1930. Kwa Waga lilikuwa jina la ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Bibi wa pwani ile waliona kwa macho yao kwamba mtoto anayeondolewa kifuani ghafla, bila chakula cha kutosha badala ya maziwa, huvimba miguu na kufifia. Waliona kwamba mtoto anaweza kudhoofika kwa sababu tu nafasi yake imechukuliwa. Ndiyo maana wahudumu wa afya hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Mama shujaa wa Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 7, anamkumbusha mwanawe kwamba alimnyonyesha miaka 3. Wazee wetu nao walisisitiza kupisha uzazi. Mimba zilizopangwa kwa nafasi, kwa njia ambazo Kanisa linafundisha, ni sehemu ya kumlinda mtoto aliyekwisha kuzaliwa.

Turudi kwenye karamu ya Abrahamu, maana haikuisha vizuri. Katika nyumba ile palikuwa na mtoto mwingine, Ishmaeli, mwana wa Hagari. Sara alipomwona akicheza, alidai afukuzwe pamoja na mama yake. Kesho yake asubuhi walipewa mkate na kiriba cha maji, wakaishia kutangatanga jangwani. Nyumba moja ilimwandalia mtoto mmoja meza na kumfungulia mwingine mlango wa kutokea. Maji yalipokwisha, Maandiko yanasema Mungu aliisikia sauti ya kijana. Jina lenyewe la Ishmaeli maana yake ni "Mungu husikia". Mzazi, ukimsikia mkubwa wako analia usiku katika chumba kingine, kumbuka jina hilo. Kilio cha aliyeondolewa kumpisha mdogo kinafika mbinguni. Je, kinafika na chumbani kwako?

Ipo namna bora zaidi, na Biblia inatuonyesha. Someni sura za kwanza za Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Hana aliahidi kumtoa mwanawe kwa Bwana, lakini hakukurupuka. Alimwambia mumewe Elkana kwamba angengoja mpaka mtoto aache kunyonya, na Elkana alikubali. Baba alikuwamo katika uamuzi. Hakuusikia kwa majirani. Wakati ulipofika, hawakumpeleka Shilo mikono mitupu: walikwenda na sadaka, unga na divai. Na kila mwaka Hana alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Fikirini upendo wa mama huyo. Kila mwaka alipaswa kukisia mwanawe amerefuka kiasi gani. Alikubali kwamba mtoto anakua mbali na mkono wake, na bado alituma kitu kilichobeba harufu ya nyumbani.

Hilo ndilo somo la kwanza: andaa, shirikianeni, na mpe kitu cha kwenda nacho. Mhamishe miezi kadhaa kabla ya kichanga kufika, asiunganishe mambo hayo mawili. Kama mna uwezo wa kumwendea fundi seremala kwa kitanda cha futi 3 kwa 6, mpelekeni mtoto akione kikirandwa. Kama hamna, godoro chini sakafuni linatosha, tena akianguka haumii. Ngazi ya juu ya dabo deka si mahali pa mtoto mdogo. Mpe khanga ya mama ajifunike. Na jambo ambalo wengi husahau: chandarua. Mtoto akihama kitanda anahama pia chandarua cha mama, na nimeona nyumba ambamo wazazi wamebaki ndani ya chandarua chenye dawa na mtoto ametolewa nje yake. Malaria huwaua zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Siku ya kufunga kitanda iwe ndiyo siku ya kufunga chandarua.

Somo la pili liko sura ya 3. Samweli, akiwa amekua kidogo, alilala hekaluni peke yake, na Maandiko yanataja kwamba taa ilikuwa haijazimika. Usiku aliamka na kukimbilia kwa mzee Eli mara 3, akidhani ameitwa. Mara zote 3 Eli aliamka. Hakumtisha kwa zimwi, hakumpiga. Alimrudisha kulala kwa upole, na mara ya tatu alitambua kwamba katika usumbufu huo Mungu alikuwa na neno. Mtoto aliyehamishwa atakuja mlangoni pako mara 3, pengine 7. Wapo watakaokuambia samaki mkunje angali mbichi, mfungie mlango alie mpaka azoee. Lakini kukunja si kuvunja. Mchukue mkono, mrudishe kitandani, mchoree msalaba katika paji la uso, kama ulivyofanya siku ya Ubatizo wake pale padre alipowaalika wazazi na wasimamizi mfanye hivyo. Akikojoa, badilisha shuka ukanyamaze. Kukojoa katika umri huo si kiburi wala si kosa la kuungama.

Somo la tatu ni chungu, nami nalisema kwa sababu nyumba ile ya Shilo inalisema. Mahali alipolala Samweli palikuwa patakatifu, lakini humo humo walikuwamo wana wa Eli, Hofni na Finehasi, waliowatendea uovu wanawake waliohudumu mlangoni. Eli alisikia, akawaonya kwa maneno, akawaacha waendelee. Mungu hakumhesabia upole huo kuwa fadhila. Wapendwa, mtoto akitoka kitandani kwako analala na nani? Mjomba aliyekuja kutafuta kazi? Mgeni wa harusi? Binamu wa sekondari? Dada wa kazi ambaye naye ni binti mdogo anayehitaji kulindwa? Ukarimu ni tunu yetu, lakini kitanda cha mtoto si sehemu ya ukarimu. Mgeni apewe mkeka sebuleni, na mtoto abaki mahali pake. Wala msiseme "huyu ni mtu wa Kanisa". Kanisa lenyewe limejifunza kwa aibu na machozi ya watoto kwamba hata vazi la padre si dhamana. Mtoto akikuambia hataki kulala na fulani, usimwite mdeka. Muulize kwa nini, na umsikilize mpaka mwisho.

Nako chumbani kwenu kuna jambo. Mtoto wa miaka 6 anayelala katikati ya baba na mama wakati mwingine hayupo pale kwa sababu anawahitaji. Yupo kwa sababu wazazi hawataki kubaki wawili, amegeuzwa ukuta. Kitanda cha ndoa ni cha sakramenti yenu. Kumhamisha mtoto kwa upendo ni zawadi kwake, na ni mwaliko kwenu wa kutazamana tena. Kama kinachowazuia ni ugomvi, tatueni ugomvi. Msimpe mtoto kazi ya kuwatenganisha.

Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwakumbusha wazazi kwamba kumdhibiti mtoto kila hatua si kumlea. Malezi ni kumsaidia akue katika uhuru. Uhuru huo unaanza mapema, na huanza na usiku mmoja ambao mtoto amelala mbali kidogo na mama, akaamka, akakuta mama bado yupo.

Zaburi ya 131 ni fupi kuliko karibu zaburi zote. Mwimbaji anaifananisha roho yake na mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa, ametulia karibu na mama yake. Angalieni hakuchagua kichanga anayenyonya. Kichanga humtafuta mama kwa sababu ya maziwa. Aliyeachishwa humtafuta kwa sababu ni mama. Hata Mungu hutuhamisha kitanda. Kuna nyakati sala zilikuwa tamu na kila ombi lilijibiwa, kisha tukajikuta gizani, utamu umekwisha, tukadhani ametufukuza. Pengine anatukuza, tumpende yeye kuliko vipawa vyake.

Mkristo aliyewahi kulia katika giza hilo, na akajua kwamba Baba hakuondoka nyumbani, ana deni kwa mtoto wa chumba cha pili. Juma hili, kama mnaye mtoto wa kuhamisha, kaeni baba na mama mpange siku. Pikeni hata maandazi, mwiteni bibi, salini pamoja juu ya kitanda chake. Usiku akija mlangoni, fungueni.