Mmea Usiojulikana Jina



Wiki hii tumepokea barua ya dada yetu aliyehamia Garissa kwa sababu ya kazi ya mumewe. Nyumba waliyoipanga waliikuta tupu, ila mmea mmoja ulioachwa barazani ndani ya kopo la rangi. Shina lake, asema, limevimba chini mfano wa kibuyu. Matawi ni mafupi na manene, na majani machache yaliyosalia yako nchani tu. Dada yetu ameuonea huruma. Hutawadhia juu ya beseni, kisha humwagia mmea maji yale, mara tano kwa siku, na kila amwagapo majani huzidi kupukutika. Jirani mmoja amemwambia kuwa ni namna ya mshubiri, na kwamba utomvu wake utaponya jipu la mwanawe wa miaka miwili. Jirani wa pili, ayeeyo mtu mzima aliyekulia nyuma ya mifugo, hakusema ni dawa wala si dawa. Aliuliza tu kama mbuzi wanaukaribia. Sasa dada yetu anataka kujua mmea ni wa nani, ni mmea gani, na autunzeje usife.

La dawa halingoji, basi tulitangulize: asimpake mtoto. Hata kama jirani angekuwa amepata jina sawasawa, jipu la mtoto mdogo ni la kuonyeshwa tabibu. Na jina hakulipata. Mshubiri hauna shina la kibuyu. Unene wake uko katika majani, ambayo yana miiba pembeni na ute ndani. Wala huu si mnyaa, ule wa vijiti vya kijani vinavyotoa maziwa meupe ya kuunguza macho. Shina lililovimba, matawi mafupi, majani ya nchani yanayoanguka wakati wa kiangazi: hizo ni sifa za mwaridi wa jangwani. Utakapochanua, dada yetu ataona ua la petali tano, jekundu au la rangi ya waridi pembeni, limefifia kuelekea weupe katikati. Akitaka kuhakikisha zaidi, apige picha ya shina, jani na ua, kila kimoja peke yake, amwonyeshe bwana shamba au wataalamu wa mimea wa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Jina hilo likijulikana, swali la ayeeyo hujieleza lenyewe. Mwaridi wa jangwani ni jamaa wa oleanda, na hata msanapiti wetu wa Pwani ni wa ukoo huo. Utomvu wake una sumu inayoshika moyo, na katika nchi kavu za Afrika wawindaji wameutumia kupaka mishale. Mfugaji hana budi kuijua miti ya namna hiyo, kwa kuwa asiyeijua hurudi jioni na mifugo pungufu. Twaona mara nyingi watu wa mjini wakiyapuuza maneno ya wazee wa bara, na kumwamini yeyote atajaye neno dawa. Ayeeyo huyu astahili kupelekewa chai.

Wala si mmea wa ugenini. Hukua mwituni katika nchi kavu za Kenya, hufika Sahel kwa upande mmoja na Bara Arabu kwa upande wa pili, Yemen na Dhofar ya Oman. Mtaalamu Peter Forsskål, aliyefariki Yemen mwaka 1763, ndiye aliyeuandika kwanza katika elimu ya mimea ya Ulaya, na jina lake la kitaalamu, *Adenium*, limetokana na mji wa Aden.

Ama milki yake, kopo hili si kitu kilichookotwa njiani kisichojulikana mwenyewe. Mpangaji aliyetoka anajulikana, na mwenye nyumba ana namba yake ya simu. Apigiwe. Akisema amesahau, ni amana mpaka aje auchukue. Akisema chukueni, imekuwa hiba, na dada yetu autunze kwa moyo mweupe. Simu hiyo hiyo yaweza kuleta na jina la mmea, jambo ambalo lingefaa kufanywa kabla ya kuwauliza majirani.

Kuhusu maji, nia ya dada yetu ni njema na hukumu yake ni nyepesi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji yaliyokwisha kutumika katika udhu ni tohara, ila hayatawadhiwi tena. Kumwagia mmea ni matumizi mazuri kuliko kuyamwaga mferejini. Lakini huu si mmea wa kupewa. Ameweka maji yake mwenyewe ndani ya shina, na kupukutisha majani katika kiangazi ndiyo desturi yake, haulii kiu. Maji ya udhu na yaende kwa mpapai au mchicha. Kopo la rangi litobolewe chini, udongo uchanganywe na mchanga mwingi, likae juani, na lisimwagiwe mpaka udongo ukauke kabisa. Katika miezi ya jilaal na hagaa, yatosha kidogo sana. Mvua za gu na deyr zikianza, majani yatarudi.

Abonyeze shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, salama. Likibonyea, limeanza kuoza: aung'oe, akate sehemu iliyooza mpaka afikie nyama safi, aukaushe kivulini siku kadhaa, ndipo aupande katika mchanga mkavu. Avae mfuko wa plastiki mikononi, na kisu hicho kisirudi jikoni kabla ya kuoshwa vizuri kwa sabuni. Utomvu ukiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi mengi. Mtoto akitafuna, asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi pamoja na tawi la mmea, ili daktari ajue anakabiliana na nini.

Na mahali pa kopo si barazani tena. Liwekwe juu ya ukuta au paa la bapa, pasipofikiwa na mtoto. Mbuzi wa Garissa, tulivyowaona, hupanda hata juu ya magari yaliyoegeshwa, basi ukuta uwe mrefu.