TELA LA KUCHOMELEA NI LA MKULIMA, SI LA KADI



Kwa wiki mbili sasa kundi letu lina mjadala mmoja. Kikundi cha vijana wa kata yetu kinataka kuomba mkopo wa halmashauri kitengeneze tela dogo la kuchomelea vyuma, livutwe na pawatila hadi majarubani. Wapo wanaounga mkono, wapo wanaosema bora wakodi fremu barabarani, na wapo wanaotaka tela lipakwe rangi za chama. Kamati ya Tawi imekaa, na huu ndio msimamo wetu.

*1. Tela, si fremu*
Wanaotetea fremu wana hoja. Umeme wa TANESCO ni nafuu kuliko petroli, na kazi kubwa kama kutengeneza mageti hufanyika vizuri zaidi kwenye banda. Lakini mafundi wa barabarani tunao tayari, Igurusi, Chimala, Rujewa hadi Ubaruku. Tusichonacho ni fundi wa kumfuata mkulima. Gurudumu la chuma la pawatila likikatika katikati ya jaruba, mashine haitembei. Inavutwa na watu, inapakiwa, inapelekwa mjini, inasubiri foleni. Wakati huo zamu ya maji inapita kwa jirani. Sisi tunaolima Usangu tunajua kwamba zamu ikipita, huombi tena kesho yake. Kinachompoteza mkulima ni siku alizosubiri, zaidi ya bei ya rodi tatu.

*2. Liwe dogo na liwe salama*
Tunashauri vijana wasianze na makubwa. Jenereta ya kilovati 5 na mashine ndogo ya inveta zinatosha kwa rodi za milimita 2.5 na 3.2, ambazo ndizo kazi nyingi za shambani. Waongeze grinda, jiriwa iliyofungwa imara kwenye tela, sanduku lisilopitisha unyevu kwa ajili ya rodi, na waya mrefu. Mitungi ya gesi ya kukatia isubiri mpaka biashara isimame. Ikija, isimame wima na ifungwe kwa mnyororo. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na uelemee mbele kidogo. Ukielemea nyuma, tela litayumba njia nzima. Rifleta ziwekwe nyuma, kwa sababu kazi ya msimu hairudi nyumbani kabla ya magharibi.

Kuna jambo moja hatutaki lifanyiwe mzaha. Hakuna kuchomelea ukiwa umesimama kwenye maji. Mashine ivutwe kwanza hadi kwenye tuta kavu, fundi asimame juu ya ubao mkavu, avae buti za mpira na glovu kavu. Wakati wa kiangazi, majani makavu yafyekwe kuzunguka sehemu ya kazi, mchanga na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu, na mtu abaki akiangalia kwa nusu saa baada ya kazi. Cheche ikilala kwenye mabua huamka mkiwa mmeshaondoka. Dumu la petroli likae mbali na cheche, na jenereta isijazwe mafuta ikiwa ya moto.

*3. Hesabu kabla ya mkopo*
Mkopo huu hauna riba, lakini unarudishwa. Kwa mfano wa hesabu tu: jenereta ikinunuliwa kwa shilingi 1,800,000 na tukaipa maisha ya miaka 3, kila mwezi inakula 50,000 hata kama hakuna anayeiona ikila. Kwa siku 20 za kazi, hiyo ni 2,500 kwa siku. Fedha hiyo iwekwe kando kila jioni kabla ya kugawana. Kikundi kinachogawana yote hugundua jenereta imekufa siku ambayo sanduku ni tupu.

Bei itenganishwe mara tatu: mwendo, rodi na mafuta, kisha ufundi. Mwendo, rodi na mafuta vilipwe taslimu, kwa kuwa kituo cha petroli hakisubiri mavuno. Ufundi unaweza kusubiri mpunga utoke, lakini deni liandikwe na pande zote mbili zitie saini. Maneno ya "tutaonana" yamevunja vikundi vingi kuliko ukame.

*4. Rangi ya chama hapana*
Hapa tunajua tutawaudhi baadhi yenu. Mikopo hii inatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni ushuru wa mpunga wa kila mkulima, mwenye kadi yetu, mwenye kadi ya wengine na asiye na kadi. Ukilipaka tela rangi ya chama, umemwambia mkulima wa upande wa pili kwamba fedha yake si yake. Na siku serikali ya kijiji ikibadilika mikono, tela litaegeshwa. Chama kitajisifu vya kutosha vijana wetu wakirudisha mkopo kwa wakati.

Kwa hiyo, tawi litawasaidia vijana kuandaa maombi na kitabu cha fedha, basi. Maombi yenyewe wayapeleke kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kama kikundi kingine chochote. Wale waliojifunza kuchomelea mitaani wasione haya kwenda VETA. Upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa.

Ombi letu kwenu: mwenye ekseli ya gari chakavu au chuma cha chaneli nyumbani, awauzie vijana kwa bei ya haki na awape risiti. Asitoe bure halafu akadai kuchomelewa bure miaka kumi.

Wenye maoni tofauti walete hoja kwenye kikao cha tawi. Tutawasikiliza.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi