MGONJWA AELEZWE, ASIKEMEWE

Liko neno moja linalotumika mno katika zahanati zetu, nalo ni "mtoro". Mgonjwa wa kifua kikuu akiacha dawa, jina lake huandikwa miongoni mwa watoro, na shauri huhesabiwa limekwisha. Sisi twaona kuwa hapo ndipo linapoanza.

Matibabu ya ugonjwa huu kwa kawaida ni ya miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Serikali hutoa dawa hizo bila malipo. Basi kwa nini mkulima wa Dongobesh au mchungaji wa Basotu aache kitu anachopewa bure, nacho champonya? Wengi hujibu upesi kuwa ni ujinga. Jibu hilo ni la uvivu.

Na tutazame mambo yalivyo. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, homa hukoma, na hamu ya chakula hurudi. Wadudu wa ugonjwa wangali hai mwilini, lakini mgonjwa hawaoni. Anachokiona ni magugu shambani. Tena moja ya dawa hizo, rifampisini, hugeuza mkojo ukawa na rangi ya machungwa, au mwekundu. Jambo hilo halina madhara hata kidogo. Lakini mtu asiyeambiwa mapema atadhani anakojoa damu, na atazitupa dawa akiwa na akili zake timamu. Tumlaumu nani?

Katika Mbulu na Hanang kazi ya kueleza ni ngumu kuliko penginepo. Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu na Wahadzabe wote huifikia Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, na lugha zao hazina undugu. Bibi wa Kidatoga akiambiwa kwa Kiswahili cha haraka, "Meza kila siku, usiache," ataitikia kwa adabu, kisha atakwenda zake bila kuelewa neno. Halafu yako maziwa. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho mara nyingi huvimbisha tezi za shingo. Kumwambia mfugaji asinywe maziwa ni kumtukana. Aambiwe ayachemshe, na aelezwe sababu.

Dawa ikikatizwa, ugonjwa waweza kurudi ukiwa sugu. Hospitali ya Kibong'oto ilipoanza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, matibabu yalipita mwaka mzima, na ndani yake sindano kwa miezi mingi. Na huyo aliyerudiwa na ugonjwa huwakoholea watoto wake kwanza.

Nchi yetu si mwanafunzi katika jambo hili. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, akiusaidia Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, na mataifa mengi yaliiga baadaye utaratibu uliojaribiwa hapa. Mwaka 2006 tulipiga hatua nyingine: mgonjwa aliruhusiwa kuchagua, amezee dawa kituoni au nyumbani mbele ya msimamizi anayemtaka mwenyewe. Utaratibu huo ulimheshimu mgonjwa kama mtu mwenye akili.

Lakini utaratibu mzuri huharibiwa na maneno mabaya. Mgonjwa aliyetembea tangu alfajiri akapokewa kwa ukali kwa kuwa amechelewa siku mbili, mara ya tatu hatakuja. Kibarua anayekatwa ujira wa siku nzima kwa kwenda zahanati asubuhi moja, atachagua ujira, maana watoto wake hula leo. Wasimamizi wa kazi wanaofanya hivyo wajue kuwa wanauza afya ya kundi zima kwa fedha chache.

Kwa hiyo twawaomba wanachama na wafanyakazi wa wilaya hizi: mtu akikuteua uwe msimamizi wake, ukubali, na umtazame akimeza, hasa mwezi wa tatu anapoanza kunenepa. Mfugaji anayehama kufuata malisho apewe barua ya uhamisho kabla hajaondoka, apokewe kule aendako. Na waganga wetu, siku ya kwanza, kabla ya kuhesabu vidonge, wamweleze mgonjwa habari ya mkojo mwekundu, kwa lugha aliyozaliwa nayo; asiyeijua amwite mtu anayeijua.