KONA YA FUNDI: "Ko!" ukiingiza gia, usikimbilie kununua difu

Mwezi huu tunajibu swali la dereva mmoja wa Hiace anayebeba abiria kati ya hapa Nakivale na Mbarara. Anasema hivi: akiingiza rivasi, gari inagonga "ko!" chini ya viti. Akiondoka kwenda mbele, "ko!" nyingine. Akiachia mafuta kwenye mteremko, tena "ko!" Kuna fundi amemwambia difu imekufa, anunue nyingine nzima. Gari yenyewe ni ya watu wanne waliochanga, na wenzake wanangoja awaambie ni pesa ngapi.

Ndugu dereva, kabla kikundi hakijatoa hata shilingi moja, ingia chini ya gari dakika kumi tu. Difu inaweza kuwa mbovu kweli, lakini ule mlio mara nyingi unatoka kwenye kitu kidogo kinachokaa kwenye kiganja cha mkono.

Kwanza tuelewane majina, maana hapa kambini kila mmoja alijifunzia ufundi kwao. Lile bomba refu linalotoka kwenye giaboksi kwenda ekseli ya nyuma, waliotoka Tanzania na Kenya wanaliita propela. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma wanasema kardani. Difu kwao ni "po". Kwenye ncha za propela kuna kiungo chenye umbo la msalaba: huku krosi, kwao kruaziyo. Ni kitu kilekile. Mimi nitasema propela na krosi, wa Kivu mnisamehe.

Krosi ina mikono minne, na kila mkono umeingia kwenye kikombe kidogo cha chuma. Ndani ya kikombe kuna visindano vyembamba vimejipanga mduara, vinazunguka ndani ya grisi. Kazi yake ni kuacha propela ijikunje wakati ekseli inapanda na kushuka kwenye mashimo. Tairi ikizunguka mara moja, propela inazunguka kama mara nne, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe krosi inafanya kazi kiasi gani mpaka Mbarara. Maji na vumbi vikipita kwenye mpira, grisi inakauka, visindano vinachimba mifereji kwenye mikono ya msalaba, na krosi inaanza kucheza. Mwanzoni utasikia kama ndege analia, "kwi, kwi, kwi", gari ikitembea polepole. Baadaye ndiyo inakuja "ko". Ukifika hatua ya kutetemeka sakafu ukiwa kwenye mwendo, ujue umechelewa.

Sasa kupima. Gari iwe mahali tambarare, injini imezimwa, handibreki imevutwa, gia iko huru, na mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi. Hapa jeki haihitajiki. Shika propela kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine shika ule upande wa pili wa krosi. Zungusha mikono kinyume, kama unakamua nguo. Tazama krosi yenyewe. Ukiona msalaba unacheza ndani ya masikio yake, hata kidogo sana, umeshampata mwizi. Dalili nyingine ni unga mwekundu wa kutu pembeni ya kikombe. Fanya hivyo kwa kila krosi, na kama propela ni ya vipande viwili, tazama pia mpira wa beringi ya katikati.

Lakini ukiona krosi imekaa imara na propela yote inageuka kidogo kwa pamoja, huo mchezo unatoka kwenye meno ya difu au ya giaboksi. Usishtuke. Meno lazima yawe na nafasi kidogo, hata difu mpya inayo. Difu inayokufa huwa inanguruma au kulia "wuuu" barabarani, na ukiifungua unakuta vipande vya chuma kwenye oili. "Ko" peke yake haitoshi kuihukumu. Jaribu pia nati za flenji, pale propela inapofungwa kwenye difu: nimeona gari inapiga kelele mwezi mzima kwa sababu ya nati mbili zilizolegea. Tazama na mpira unaoshika injini, kama umepasuka.

Wenye Ipsum na gari nyingine zinazovuta kwa mbele, haya si yenu. Hamna propela. Mlio wenu ni "ka-ka-ka" mkikata kona kali, na huo unatoka kwenye viungo vya shafti za matairi ya mbele.

Haya, umekuta krosi imekufa. Unaweza kuibadilisha nyumbani, ila hapa nataka tusimame kidogo, na hata mama wa nyumbani asome. Ili ufikie nati zote, propela lazima izunguke, kwa hiyo utainua tairi moja ya nyuma. Watu wengi wanaamini wakiacha gari kwenye gia haiwezi kutembea. Ukishainua tairi moja ya nyuma, gia haishiki tena kitu, kwa sababu difu ya kawaida inaiacha ile tairi ya hewani izunguke bure. Na ukishatoa propela, giaboksi haina tena mawasiliano na matairi ya nyuma. Kwenye Land Rover za zamani ni hatari zaidi: handibreki yake iko pale propela inapoanzia, siyo kwenye matairi. Ukitoa propela ya nyuma umetoa na handibreki.

Kwa hiyo mawe kwenye matairi yote mawili ya mbele, mbele na nyuma. Chini ya ekseli weka stendi ya chuma au gogo nene lililokatwa sawa. Usiweke tofali, linapasuka bila kukuaga. Jeki ni ya kuinulia tu, usilale chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Watoto wakae mbali, na mtu mmoja nyumbani ajue uko chini ya gari.

Kabla ya kufungua, piga alama ya rangi kwenye propela na kwenye flenji ili virudi vilivyokuwa. Usipofanya hivyo gari inaweza kutetemeka, halafu utalaumu krosi mpya. Kwa Toyota nyingi spana ni namba 14. Kama propela imechomekwa ndani ya giaboksi, tayarisha beseni, maana oili itamwagika. Funga pale kwa mfuko wa plastiki na raba.

Toa klipu zote nne. Tafuta soketi mbili, moja ndogo kuliko kikombe, nyingine kubwa kuliko kikombe. Ndogo inasukuma upande huu, kubwa inapokea kikombe upande wa pili. Jiliwa ndiyo bora, nyundo inafaa ukiwa mpole. Usipige lile bomba la propela. Ni jembamba, likibonyea halizunguki tena sawasawa.

Krosi ya zamani nenda nayo dukani, ilingane na mpya kwa unene wa kikombe na kwa urefu. Wakati wa kufunga, paka grisi ndani ya kikombe ili visindano visianguke. Kisindano kimoja kikilala chini ya kikombe, klipu haitaingia. Hapo usiilazimishe kwa nyundo! Toa kikombe, panga upya. Ile chuchu ya grisi itazame mahali ambapo pampu itafika. Ukimaliza, krosi iwe inajikunja kwa mkono bila kucheza. Ikiwa ngumu sana, gonga masikio yake kidogo, italegea. Halafu piga grisi mpaka itoke pande zote nne. Baada ya kilomita 100 hivi, rudi ukakaze nati tena.

Kuna propela ambazo krosi yake haina klipu, vikombe vimegongewa kabisa kiwandani. Hizo usianze nazo nyumbani, peleka kwa mwenye mashine au tafuta propela nyingine nzima.

Mtu atauliza, si naweza kuvumilia mlio mpaka mwisho wa mwezi? Kama umesikia "ko" na krosi inacheza, hapana. Krosi ya mbele ikikatika gari ikiwa kwenye mwendo, ncha ya propela inaanguka chini na kuchimba barabara, au inapiga sakafu na mabomba ya breki, na juu ya sakafu hiyo wamekaa abiria 14. Paki gari leo, waambie wenzako watatu ni krosi siyo difu, na kesho uende Mbarara kwa gari ya mwingine ukainunue.

Mwezi ujao ni zamu ya bodaboda: cheni inayoruka meno, na vile unavyoweza kujua kama shida ni cheni au ni sproketi. Wenye maswali, mwandikie fundi kwenye karatasi, mtaje aina ya gari na mlio unavyosikika.