Kipaji cha Binti ni Amana

Yako maswali ambayo wazazi wengi hatupendi kuyauliza mpaka fedha imekwisha kuingia nyumbani. Mojawapo ni hili: mtoto akijaliwa kipaji, na kipaji hicho kikazaa mali, mali hiyo ni ya nani?

Tuanzie mbali, Ujerumani. Steffi Graf alizaliwa mjini Mannheim tarehe 14 Juni 1969. Akingali mtoto mdogo sana, baba yake, Peter, alimkatia mpini wa raketi upate kuenea mkononi mwake, akamfundisha kupiga mpira wa tenisi sebuleni. Mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 13, binti huyo aliingia katika tenisi ya kulipwa. Mwaka 1987 alimshinda Martina Navratilova katika fainali ya mashindano ya Ufaransa. Mwaka uliofuata alitwaa mashindano makubwa yote manne, ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, kisha akaongeza medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul. Alipostaafu, Agosti 1999, alikuwa na mataji makubwa 22 ya mchezaji mmoja mmoja, na alikuwa amekaa kileleni mwa orodha ya dunia kwa majuma 377.

Hapana shaka kwamba pasipo jicho la baba yule, dunia isingemjua Steffi. Lakini baba huyo huyo ndiye aliyekuwa mshika fedha. Mwaka 1995 alitiwa mbaroni kwa kukwepa kodi ya mapato ya bintiye, na Januari 1997 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu na miezi tisa. Steffi naye alichunguzwa, ingawa alieleza kwamba mambo ya fedha alikuwa amemwachia baba. Katika masaibu hayo aliendelea kushinda: mataji makubwa matatu mwaka 1995, na matatu mengine mwaka 1996. Mikono yake ilijua kazi; hesabu ya jasho lake ilijulikana na wengine.

Sasa turudi kwetu, chini ya milima ya Uluguru. Kwa desturi Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hupitia upande huo. Mkubwa wa ukoo huigawa na kuilinda, lakini si yake peke yake. Desturi hiyo haikosi magomvi, wala wajomba wote si waadilifu. Hata hivyo, fikra iliyomo ndani yake inatufaa: mlinzi si mwenye mali.

Kila siku mabinti wa mlimani hushuka mjini na mizigo ya ndizi na mboga kichwani. Miguu iliyozoea miteremko ile yaweza kushangaza watu katika michezo ya UMITASHUMTA. Nchini Kenya, Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake, alitwaa taji la vijana la Wimbledon mwaka 2022, akicheza wawili wawili. Basi siku moja aweza kuja mgeni nyumbani, ameshika mkataba, akitaka saini ya mzazi kwa sababu binti hajafikia miaka 18. Siku hiyo ndipo tutakapojulikana kama tu walinzi au wafanyabiashara.

Mzazi mwenye busara asitie saini peke yake wala siku ile ile. Mama, baba na mwalimu wa mtoto na wakae pamoja, nao mkataba usomwe na mtu ajuaye sheria. Fedha ya mtoto iwekwe benki mbali na fedha ya nyumba, na isitolewe kwa saini ya mtu mmoja. Kodi ilipwe. Masomo yasikatizwe, kwani goti likivunjika ndiyo yatakayobaki. Zaidi ya yote, binti mwenyewe aonyeshwe hesabu, hata akiwa na miaka 13, maana anayeweza kukimbia mbele ya maelfu ya watu hashindwi kujumlisha.

Wako watakaosema kwamba mzazi aliyetaabika anastahili kula matunda. Kweli, anastahili. Lakini ale akionekana, kwa kiasi alichokubaliana na mwanawe, ili siku binti atakapokuwa mtu mzima na kuuliza, mzazi awe na daftari la kumwonyesha.