Mbuzi wa Kwenye Kadi

Tuambizane ukweli, jamani: mchango uliotolewa kwa jina la mtu mwingine si zawadi kwa mtu huyo.

Shirika la Heifer International la Marekani, lililoanzishwa 1944, lina katalogi nzima ya zawadi za namna hii. Unalipia mbuzi, rafiki yako anapata kadi, na mbuzi anakwenda kwa familia maskini huko mbali. Soma maandishi madogo sasa: mnyama ni ishara tu, fedha zinaingia kwenye kazi nzima ya shirika.

Mbuzi simpingi. Mwaka 2001 Page McBrier alichapisha Beatrice's Goat, kitabu cha watoto kuhusu Beatrice Biira wa Uganda, aliyekwenda shule kwa fedha za maziwa ya mbuzi wa Heifer. Baadaye alifika hadi chuo Marekani. Kitabuni Beatrice ana jina, na hata mbuzi analo: Mugisa. Kwenye kadi, mwenye jina ni rafiki yako pekee. Anayepokea ni "familia" basi. Sisi tunaodai wahusika wenye sura na sauti, mbona hapa tunaridhika?

Na huyo rafiki? Hakuulizwa. Anabandikwa wema ambao hakuutenda, kisha ashukuru. Akinuna, eti hana huruma.

Anayemtolea sadaka mzazi wake marehemu namwelewa. Marehemu hawezi kutoa mwenyewe. Rafiki yako yu hai. Mnunulie kitabu. Mbuzi mtoe kwa jina lako.