Baba Ima Kafeli Teori!

Mwezi huu nawaletea kisa cha nyumbani kwangu mwenyewe. Baba Ima kaniruhusu nikisimulie, ila kaomba nisizidishe chumvi.

Basi bwana, nilijiandikisha shule ya udereva. Nilishachoka kugombania daladala pochi ikiwa kwapani. Usukani wala haukunisumbua sana. Kilichoninyima usingizi ni teori: alama, michoro na maswali ya trafiki. Mara ya mwisho kukaa kwenye mtihani nilikuwa chuo, jamani!

Nilipomwambia mume wangu, akacheka. "Mama Ima, hayo madude nani anayakumbuka? Kuna jamaa atakumalizia. Unatoa kitu kidogo, leseni unaletewa mkononi."

Nikafungua daftari langu. "Sawa, baba. Wewe una miaka kumi barabarani. Nijibu maswali matatu tu."

La kwanza: unaingia kipilefti, mfano kile cha Sanamu ya Askari pale Samora. Nani anapita kwanza? Akajibu, "Anayewahi." Kosa! Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo unampisha aliye tayari ndani ya kipilefti, anayetokea kulia kwako.

La pili: alama ya duara lenye ukingo mwekundu na ile ya duara la bluu zina tofauti gani? Eti zote zinakataza. Kosa tena. Yenye ukingo mwekundu inakataza, ya bluu inaamuru.

La tatu: gari la mbele yako limesimama kwenye zebra. Unafanyaje? "Kama kulia kweupe, nalipita."

Nikanyamaza. Na yeye akanyamaza, maana Ima wetu ana miaka minne, na kila asubuhi dada anamvusha kwenye zebra kwenda chekechea. Lile gari lililosimama ndilo linalomficha mtoto. Ukilipita, unakuja kumwona akiwa tayari mbele ya boneti yako.

Habari ya yule jamaa wa kumalizia iliishia hapo. Usiku ule tukaanza kusoma wote wawili.

Kama na wewe unajiandaa, hivi ndivyo tulivyofanya:

Anza na maumbo. Usikariri alama moja moja, utachanganyikiwa. Pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha juu, inakutahadharisha. Ikigeuzwa ncha chini, toa nafasi kwa wengine. Pembe nane ni simama, yaani simama kabisa, siyo kupunguza mwendo na kuchungulia. Ukishajua familia ya alama, hata ile usiyowahi kuiona utaikisia vizuri.

Hamishia barabara mezani. Sisi tulichora makutano kwenye karatasi, viberiti vikawa magari. Yeye anasogeza chake, mimi changu, halafu tunabishana nani ana haki ya kupita. Ni mchezo mtamu kuliko mnavyodhani, shosti.

Uliza kwa nini. Ukiambiwa mwisho ni kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, usiishie kwenye namba. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali ambao gari linahitaji kusimama baada ya kukanyaga breki unazidi karibu mara nne. Hapo bado hujahesabu ule muda wa kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Sheria ukijua sababu yake haitoki kichwani.

Jibu kwa sauti. Kusoma kimyakimya kunadanganya, unajiona umeelewa kumbe umezoea tu kuona kurasa. Mwenzako afunike majina ya alama kwa mkono, wewe utaje. Ukikosea, asikucheke. Mimi nilicheka mara moja, nikaambiwa nipike mwenyewe na kuosha vyombo!

Kingine, wapendwa: anayejua kuendesha asijifanye mwalimu wa kila kitu. Mazoea siyo elimu. Wengi wetu tumejifunza barabara kwa kuwaiga wenzetu waliokuwa nao wameiga.

Siku ya mtihani nilikosa swali moja, la kuegesha kwenye mteremko. Mengine nikayapiga yote, nikapita. Baba Ima akanifuata na gari, tabasamu mpaka masikioni. Njiani, gari la mbele yetu likasimama kwenye zebra. Kulia kulikuwa kweupe kabisa. Akakanyaga breki, akasubiri. Mama mmoja akavuka na ndoo kichwani, na nyuma yake katoto kameshika kanga yake, hata hakaonekani vizuri.

Nyuma yetu mtu akapiga honi weee! Baba Ima hakugeuka. Akasema tu, "Apige. Huyo naye hajasoma."

Je, wewe ungepata ngapi kati ya tatu? Muulize na mwenzako leo usiku, kabla hajashika ufunguo kesho. Tukutane mwezi ujao.